Kiangazi cha Kumhamisha Bi Mamba

Kitindamimba alishuka kwenye basi na mabegi matupu, na kabla hajafika nyumbani mji mzima ulishajua amefuata nini. Si ajabu. Mji wenyewe ni barabara moja iliyobanwa kati ya mlima na mto. Ukipiga chafya kwa muuza mikate, watu wa darajani wanakuombea afya njema.

"Umekuja kutunyang'anya Bi Mamba?" kinyozi alimpigia kelele kutoka kibandani kwake, wembe mkononi, shavu la mteja likiwa na povu.

"Nimekuja kumchukua mama yangu, jirani. Wewe nyoa, usije ukamkata mtu sikio."

Bi Mamba ndiye mama yake. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa udobi kwenye nyumba ya wageni, lakini hakuna aliyemwita dobi. Kila kiangazi, maji yakipungua na kidimbwi cha chini ya daraja kikitulia, alikuwa akiwafundisha watoto wa mji kuogelea, na majini hakuwa na mwenzake, ndiyo maana ya lile jina. Sasa nyonga ilikuwa imemsaliti. Wakati wa mvua alianguka ngazini, akalala palepale hadi kulipopambazuka, kinyozi akasikia anaita. Kaka mkubwa alipopata habari hakutaka maneno mengi kwenye simu: mama aletwe kwao jijini, basi.

Na mama akakubali! Hapo ndipo Kitindamimba alipoingiwa na wasiwasi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na mahali pa vita akakuta "Sawa, mwanangu, kiangazi kikiisha." Mwanamke yule hakuwahi kukubali hata bei ya nyanya bila kubishana.

Basi zikaanza siku ambazo Kitindamimba hatazisahau. Asubuhi alifungasha sufuria na mashuka. Jioni akakuta sufuria zimerudi rafuni na mama anapepesa macho utadhani hajui lolote. Mchana jua liliwaka hadi mawe ya mtoni yakawa hayakanyagiki, na wao wawili walikaa barazani wakila tikiti maji lililopozwa mtoni, wakitema mbegu kuelekea bustanini na kuwasengenya wapita njia. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu ghafla mama alikuwa akitega sikio kuusikiliza mto, na Kitindamimba akiona haya kwa furaha yake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuja kuikatisha.

Siku moja mama akasema, "Kabla sijaondoka, nipeleke kidimbwini."

"Kwa nyonga hiyo? Mama, usinitafutie balaa."

"Nyonga ni ya nchi kavu."

Akabishiwa, akabisha, akanuna, akagoma kula. Mwisho kinyozi na muuza mikate wakamketisha kwenye kiti cha kunyolea, wakakibeba kushuka ngazi za mtoni, naye kule juu anatoa amri: "Kushoto! Kushoto, nyie! Mnabeba mtu au kabati?" Watu waliegemea ukingo wa daraja wakimshangilia, na yeye akawapungia mkono bila haya yoyote.

Alikuwa na njia yake ya kufundisha, na mji mzima ulifundishwa hivyo. Mwanafunzi alipitishiwa shuka chini ya tumbo, mwalimu akashika ncha zote mbili na kumwacha apige maji. Mwanafunzi akishatulia, mwalimu anaachia ncha moja kimyakimya. Haambiwi. Anaendelea kuogelea akidhani kashikwa, na anapogeuka kujisifu anamwona mwalimu yuko mbali, shuka limelegea mkononi.

Siku hiyo Kitindamimba ndiye aliyeshika. Alimpitishia mama shuka, akasimama maji yakimfika kifuani, na mama akajinyoosha juu ya maji, akapumua kwa nguvu, miguu ikaanza kucheza. Ile miguu iliyoshindwa kupanda ngazi! Na kwa woga tu, bila kumwambia mtu, Kitindamimba alikuwa ameizungusha ncha moja kwenye kifundo cha mkono wake na kuikaza kwa fundo, na ncha ya pili ameifunga kiunoni mwa mama, mama akidhani anawekewa shuka vizuri. Mtu aliyezaliwa mji ule, tena tumboni mwa Bi Mamba! Hakuna aliyewahi kufunga shuka kidimbwini.

Mama alikwenda. Hakuuliza kama ameachiwa. Alikata maji kuelekea upande wa pili, kwenye kina, na shuka likakazana, likamng'oa Kitindamimba pale aliposimama. Akaenda chini na mdomo wazi. Alijua kuogelea, lakini mkono mmoja umefungwa na maji yameshamjaa puani. Kila akijivuta juu, anamvuta mama chini. Darajani watu walipiga mayowe. Kinyozi akajitosa na viatu vyake, lakini kabla hajafika, mama alikuwa amerudi nyuma chini ya maji, ameushika ule mkono, na kulifungua fundo kwa meno. Akamtoa binti yake hadi kwenye kina kifupi, akimshika kidevu.

Walikaa kwenye mchanga wakikohoa.

"Nani alikufundisha kufunga?" mama akauliza. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Niliogopa."

"Uliogopa nitazama? Mimi?"

"Niliogopa utaniacha, mama." Akaanza kulia palepale mbele ya watu, na kinyozi, Mungu ambariki, akajifanya anakamua soksi zake.

Mama hakumbembeleza. Waliporudishwa nyumbani na kuvaa nguo kavu, Kitindamimba ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Ukianguka tena, na kinyozi asisikie?"

Alitegemea mzaha. Mama alikaa kitandani, akajikanda nyonga.

"Nitaogopa," akasema. "Usiku ule niliogopa sana, nisikudanganye. Lakini nilikuwa naogopa kwangu, nasikia mto wangu. Kwenu nitakuwa naogopa kila siku, halafu nitakuwa nakuficha woga wangu, ili usione vibaya."

"Mbona ulikubali?"

"Wewe ni mwanangu. Uliomba."

Kitindamimba alitoka hadi barazani akampigia kaka yake simu. Alisema mama haji. Kaka akafoka, akauliza kama jua limempiga kichwani, akamalizia kwa kusema likitokea la kutokea, litakuwa juu yake yeye.

"Litakuwa juu yangu," akajibu, akakata simu.

Aliporudi ndani, mama alikuwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, nywele bado mbichi. Tangu afike, kila alipomkuta mama amelala mchana, alikuwa akimgusa bega kuhakikisha yu hai, na kila mara akimwamsha. Alinyoosha mkono. Kisha akaurudisha, akaketi sakafuni karibu na kitanda, akamwacha mama yake alale.