Mistari Niliyoichora kwenye Mirihi

Septemba 1956 Mirihi ilisogea karibu na dunia kuliko miaka mingi iliyopita, na Mwingereza mmoja wa Nairobi, mpenda nyota, akaiandikia shule yetu ya misheni hapa Mbeya. Alikuwa amesikia kwamba tuna darubini iliyoachwa na mchungaji wa zamani. Aliomba walimu wawili waitazame sayari hiyo kila jioni, kila mmoja achore peke yake alichokiona.

Mimi, Anania, nilikuwa mwalimu mkuu, na sikupenda kushindwa na mtu. Mwenzangu alikuwa Fanueli, mwalimu wa darasa la pili, mpole hadi anakera.

Jioni ya kwanza niliweka jicho nikaona duara la rangi ya chungwa, basi. Hakuna doa, hakuna mstari. Lakini kitabu chetu cha maktaba kilionyesha mistari tele, kama mifereji ya shambani. Mimi ningekosaje kuona walichokiona Wazungu? Nikachora mistari kumi na mmoja, nikaipitishia wino.

Fanueli alichora duara tupu.

"Mimi naona vumbi tu, mwalimu," alisema. "Kama barabara ya Igawa lori likishapita."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Jioni nane, maduara manane matupu! Mwishowe nikamwambia mbele ya walimu wote, "Ndugu yangu, macho yako yamekwisha." Nikaposti michoro yote, pamoja na barua ya kumwombea Fanueli radhi kwa macho yake mabovu.

Jibu lilikuja Novemba. Wiki zile dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika Mirihi karibu yote; hata wenye darubini kubwa waliona duara tupu. "Mwambie Bwana Fanueli macho yake ni mazuri sana," aliandika yule Mwingereza. "Wewe ulichora kitabu."

Masikio yaliniwaka moto. Nilikaa na barua ile siku nne, na siku mbili kati ya hizo nilifikiria kuichoma. Nani angejua?

Jumapili, somo la kanisani lilisomwa na Mika, kijana anayekwama kila mstari wa pili. Msomaji wetu kwa miaka sita alikuwa Fanueli. Nilimwona amekaa benchi la nyuma, ameinama, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hajasoma tangu Septemba. Baada ya ibada nikapanda kilima kwenda kwake.

Nilimkuta mkewe, Tusekile, akimsomea madaftari ya wanafunzi, naye amefumba macho.

"Mganga wa zahanati alisema macho yake hayana ugonjwa," Tusekile aliniambia. "Yeye hasikii. Anasema Mwalimu Anania hawezi kumdanganya."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampa Fanueli barua nikiwa nimesimama.

"Nilidanganya," nikasema. "Nami niliona duara tupu, kama wewe. Ile mistari niliitoa kitabuni."

Nilingoja anitukane. Kwa kweli nilitaka anitukane. Yeye aliipeleka barua mlangoni penye mwanga, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, bila kukwama hata mahali pamoja.

"Kumbe sipofuki?" akauliza. "Tusekile, umesikia? Sipofuki!"

Alicheka huku machozi yakimtoka. Kuhusu mistari yangu hakuuliza hata neno. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kama tunavyowainamia wakubwa.

"Asante sana, mwalimu," akasema, "kwa kupanda kilima chote hiki kuja kuniambia."