Tripu ya Gari Tupu

Mita ya kilomita kwenye lori la kuvuta magari ilikufa kabla Rashidah hajaajiriwa, na hakuna aliyepata nyingine ya kulifaa. Kwa hiyo umbali ulihesabiwa kwa msumari. Kila tripu, dereva Ojulong alikwaruza mstari mmoja ndani ya mlango wake, na Rashidah, fundi mkuu wa yadi ile ya Busia, aligeuza mistari kuwa kilomita. Kutoka yadi hadi Tororo, kulikokwenda tripu nyingi, alipima mwenyewe kwa gari lingine: thelathini na sita.

Hesabu iliyomhusu zaidi ilikuwa ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu. Lori la kawaida aliliachia oili ya difu kilomita elfu arobaini. Lori linaloburuta malori mengine halina raha hiyo, maana uzito huichemsha oili hadi ikapoteza utelezi. Kwa hilo alikata nusu: elfu ishirini, yaani tripu mia tano na hamsini. Aliandika namba hiyo ukutani kwa rangi nyeupe. Asubuhi ile ya Alhamisi mlangoni kulikuwa na mistari mia tatu na arobaini tangu oili ibadilishwe mara ya mwisho, na Rashidah hakuwa na wasiwasi wowote.

Mteja mmoja, Phillip, alifika saa tatu. Lori lake lilikuwa limezama matopeni Merikit, na mihogo mikavu tani kumi mgongoni, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Tororo.

"Mzee, gari yako itaweza?" alimuuliza Ojulong, aliyekuwa ametoka kujaza dizeli.

"Hii? Hii ng'ombe ya kulima," Ojulong alipiga bodi kwa kiganja. "Imevuta mara mia tatu na arobaini. Haijalia hata siku moja. Juzi tu nimekwenda nayo mpaka Mulanda."

"Ulivuta nini Mulanda?"

"Nilikuta wamejitoa wenyewe, washenzi wale. Nikarudi mtupu."

Rashidah aliweka chini kikombe chake. Alikwenda mlangoni, akatazama mistari. Wa mwisho ulikuwa wa Jumatatu. Aliukumbuka kwa sababu msumari ulikuwa umeteleza ukaacha mkia.

"Mzee, mbona Mulanda hukuichora?"

"Nichore nini, binti Dauda? Sikuvuta kitu."

"Na ukienda Tororo kuchukua gari, ukarudi nalo, unachora mingapi?"

Ojulong alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua hutoka wapi. "Moja. Kwenda ni mtupu. Tripu ni mzigo. Gari tupu inatembea tu."

Phillip alicheka. Rashidah hakucheka. Mwaka mzima walikuwa wakitumia neno moja kwa vitu viwili, na yeye, aliyesomea ufundi na kupima barabara, hakuwahi kumuuliza dereva maana ya mstari wake. Alipiga hesabu pale pale. Mia tatu na arobaini mara sabini na mbili: elfu ishirini na nne, mia nne na themanini. Bado hajaweka safari za bure kama ile ya Mulanda.

"Gari haliendi Merikit," alisema. "Oili ya difu kwanza."

Harriet, mwenye yadi, alitoka ofisini aliposikia sauti zimepanda. Alisikiliza pande zote mbili akiwa amekunja mikono.

"Madam, huyu mtoto anasoma ukuta," Ojulong alisema. "Mimi nasikia difu kwa matako. Miaka kumi na tisa. Difu mbovu inalia, uuuu! Hii imenyamaza."

"Ikilia, mzee, meno yameshalika," Rashidah alijibu. "Oili hubadilishwa difu likiwa limenyamaza."

"Kuna brekidauni nyingine Malaba, naweza kuikodi hiyo," Phillip alikumbusha, macho yake kwenye mawingu.

Harriet alitazama saa. "Rashidah, nakupa dakika arobaini. Lakini nisikilize vizuri. Oili ikitoka safi, kuanzia leo ratiba ya sevisi anaishika Ojulong. Wewe utabaki na spana."

"Na ikitoka mbaya?"

"Sitakuuliza tena."

Rashidah alitandika gunia akaingia chini. Oili ilikuwa bado na joto la safari ya dizeli, jambo zuri. Ya moto hutoka na uchafu wake. Alianza na nati ya juu, ya kujazia.

"Anza ya chini, itoke upesi," Ojulong alisema akichungulia.

"Ya chini ikifunguka na ya juu ikagoma, nitajazia wapi? Mdomoni mwako?"

Ya juu ikagoma kweli. Kutu ilikuwa imeikamata. Alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akavuta, wapi. Dakika kumi zilipotea. Mwishowe Ojulong alivua koti, akatambaa chini akinung'unika kwa Kiteso, akalishika bomba pamoja naye. Nati ililia mara moja, ikaachia.

"Hiyo ndiyo imelia," Rashidah alisema.

Alifungua ya chini. Oili ilimwagika kwenye beseni, nyeusi kama lami, nyepesi kama chai, na harufu ya kuungua. Alipangusa sumaku ya nati kwa kidole: uji wa kijivu, mzito kupita kawaida. Aliusugua polepole kati ya vidole viwili akitafuta kipande kinachokwaruza. Hakikuwepo. Chuma kilikuwa kimeanza kusagika, lakini meno yalikuwa mazima.

Alimnyooshea Ojulong mkono. Mzee alichukua uji ule, akausugua, akanusa, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Hii ingefika Merikit," alisema. "Kurudi ndiyo sijui."

Harriet aliangalia beseni mara moja, akageuka. "Jazeni. Phillip, panda gari."

Rashidah alijaza lita kumi za oili nzito, ile yenye namba mia na arobaini kwenye kopo, hadi ikachungulia kwenye ukingo wa tundu, akafunga. Dakika thelathini na nane. Kisha alifuta namba ukutani, akaandika mpya: *Mia mbili na sabini. Kwenda na kurudi.*

Lori lilirudi alasiri likiburuta la Phillip, mihogo imefunikwa turubai, mvua nyuma yao. Ojulong alishuka, akatoa msumari mfukoni, akachora kwenye mlango mstari mmoja chini ya ile ya zamani. Akafikiri. Akaita.

"Binti Dauda! Nikikwenda mtaani Sofia kula chapati, hiyo pia?"

"Magurudumu yatazunguka?"

"Yatazunguka."

"Basi chora, mzee."

Aliguna, akauchomeka msumari mfukoni, akaenda kula chapati kwa miguu.