Msiba wa Sanduku la Pili

Utani una mipaka, lakini nani amwonyeshe Masolwa mpaka? Siku treni ya Kigoma ilipokwama Kaliua na samaki wa Asnath, migebuka wa Ziwa Tanganyika, wakaharibika, Msukuma yule muuza nyama alijifunga kanga kichwani akaangua kilio katikati ya soko la Tabora: "Uwiii! Samaki wa Asnath wamekufa mara ya pili!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Asnath naye akacheka, angefanyaje? Mnyamwezi hamnunii mtani wake. Ila kicheko kilipokwisha, na wateja wakaisha. Iliuma, jamani! Meza ile ya samaki ndiyo iliyomlea yeye na wanawe.

Halafu Jumapili moja akamwaga juisi ya rozela kwenye karatasi nyeupe. Ilipokauka nyekundu, akafungia samaki wa kumpa paka, akasahau. Alipomkumbuka, samaki kaoza na karatasi imegeuka kijani. "Ala!" Akajaribu tena na tena, ikawa vilevile: samaki akioza, karatasi kijani. Akatuma karatasi zake Kigoma, zibandikwe ndani ya mifuniko ya masanduku yake ya samaki, mifuniko ya plastiki inayoonyesha ndani.

"Nyekundu, nunua. Kijani, kimbia!" akatangaza sokoni.

"Karatasi umeipaka mwenyewe," Masolwa akamjibu. "Itakusema vibaya lini?"

Watu wakacheka tena.

Asubuhi moja Mama Bertila, mkuu wa jiko la harusi ya kanisani, alikuja kuchagua: samaki wa Asnath au nyama ya Masolwa. Soko zima likasogea. Treni ilikuwa imechelewa tena, na bajaji ikashusha masanduku mawili. Asnath akachungulia. La kwanza, nyekundu. La pili, barafu imeyeyuka, karatasi kijani kibichi.

Hakuna aliyeona bado. Mkono ukaenda kwenye mfuniko kuibandua ile karatasi, ukasita, ukarudi.

"Mama Bertila, njoo!" akaita kwa sauti. "Hili limeoza. Siuzi!"

Mama Bertila akafungua, akaruka nyuma ameziba pua. Akafungua la kwanza, akanusa, akainua mashavu ya samaki mmoja, akanusa tena.

"Muuzaji gani anajisema mwenyewe?" akauliza. "Karatasi hii naiamini. Harusi itakula samaki, na wa kula leo nipimie."

Weee! Watu wakamwagika mezani.

"Mtani!" Asnath akapaza sauti. "Ulilia msiba, sasa maiti hiyo hapo. Mtani ndiye mzishi. Beba!"

Mila ni mila. Masolwa alijitwika sanduku la pili mpaka nyuma ya soko, akachimba, akafukia huku akilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli kwa harufu. Kinamama walimsindikiza kwa vigelegele.

Aliporudi na udongo mikononi, sanduku la kwanza lilikuwa limebaki na mgebuka mmoja. Asnath alikuwa amemfichia. Mzishi hatoki mikono mitupu.

Masolwa hakunusa. Aliinama kwanza akaitazama karatasi.

"Nyekundu," akasema. "Nifungie, mtani."