Aliyekimbia Mpaka Langoni

Siku tatu hizo Kavata alikuwa hali akashiba, na wa kulaumiwa ni Ndolo. Jumapili, mwinjilisti huyo alisimama kanisani akaanza kuwataja waendao motoni, na wa kwanza kabisa, kabla hata ya wauaji na wachawi, akawataja waoga. Waoga! Kavata akaona kama kanisa zima limegeuka kumtazama.

Maana wiki iliyotangulia jirani yake Twaiba alijifungua, akatokwa na damu nyingi, ikatakiwa ya kumwongeza upesi. Walikwenda wawili hospitalini kujitolea: Kavata, na Amin, shemeji yake Twaiba, mpakia magunia wa Lunga Lunga mwenye kifua kama mlango. Kavata alipoiona sindano, lo! alitoka mbio mpaka langoni, akatapika mbele ya muuza machungwa. Kisha akarudi. Alitoa damu huku akitetemeka na kulia kwa sauti, muuguzi amemshika mkono. Aibu iliyoje, mtu mzima mwenye wakwe!

Jumatano uvumilivu ulimwishia, akamfuata Ndolo shambani.

"Mwinjilisti, mimi naogopa moto," alisema, akamweleza yote.

Ndolo, aliyekuwa akisomea Kigiriki cha kale katika chuo cha Biblia, aliweka jembe chini.

"Neno lenyewe ni deilia, Mama. Si hofu hiyo. Hofu ina neno lake, na kila mtu anayo, hata mimi nikisimama kuhubiri magoti hugongana. Deilia ni ya askari anayetupa ngao akawaachia wenzake vita, akaenda zake. Wewe ulikimbia mpaka wapi?"

"Langoni."

"Kisha?"

"Nikarudi."

"Basi, nenda ukale."

"Na mbona hukuyasema hayo Jumapili?" Kavata alifoka. "Siku tatu nzima umenikaanga bure!"

Lakini moyo ulikuwa mwepesi, na miguu ikampeleka moja kwa moja kwa Twaiba, aliyekuwa amekaa kitandani akinyonyesha.

"Shikamoo, Mama Kiilu," alisema Twaiba. "Damu yako ile ina kasoro. Tangu nitiwe, naogopa mpaka mende!"

Kavata alicheka hadi akashika ubavu. "Na Amin, hajambo?"

"Amin? Alipoitwa kutoa damu, si alisema anatoka kidogo kununua vocha? Hajarudi mpaka leo."

Kavata alimtazama mtoto anavyonyonya kwa pupa, na mama yake yu hai, anacheka. Akauliza kama kuna wali uliobaki.