Wito wa Hosea

Asinidanganye mtu kwamba gitaa lile lilikuwa la mume wangu. Lilikuwa langu mimi Ardelia, na vidole vilivyolipiga ni hivi hivi. Hosea alilibeba tu begani siku ile kituoni tukitoroka, kwa sababu msimu wa pamba askari wa Mississippi waliwashusha weusi kwenye treni za kwenda Chicago na kuwarudisha mashambani. Mwenye gitaa walimwacha apite, maana walijua anakwenda kuwapigia wazungu muziki wa dansi, kisha atarudi.

Zilibaki hatua nne tufike kwenye behewa letu, askari akamgusa Hosea kwa rungu.

"We kijana, wapi?"

"Memphis, bosi. Kupiga gitaa, kesho narudi."

"Piga nisikie."

Hosea hakujua kupiga hata debe. Nikamnyang'anya gitaa, nikacheka kijinga.

"Huyu, bosi? Huyu atakata nyuzi zote. Mpigaji ni mimi."

Nikapiga. Kwa ile hofu nilipiga vizuri kuliko siku zote, hadi wachukuzi wakatua mizigo. Askari akawa anatikisa kichwa kufuata mdundo. Nikadhani tumepona.

"Wewe panda," akasema. "Huyu abaki, pamba inamngoja."

"Bosi, tuko wawili! Mimi napiga, yeye anaimba!"

Loo, ulimi wangu!

"Haya, aimbe."

Hosea akanitazama. Kanisani kwenyewe walimwomba aimbie moyoni. Filimbi ya treni ikalia. Akafumba macho, akatoa kitu pekee alichokuwa nacho: wito wake wa shambani, ule aliowapigia nyumbu wake wa kulimia alfajiri. Ulipanda, ukavunjika katikati, ukashuka taratibu. Mwili ulinisisimka. Miaka kumi nalala na mwanamume huyu, sikujua kama ule nao ni wimbo.

Halafu nikakumbuka. Kwetu kila mwanamume nyuma ya nyumbu wake ana wito wake mwenyewe. Unamjua mtu kwa huo ukiwa maili mbili, hujamwona hata kofia.

"Nyamaza, Hosea! Nyamaza!"

Alikuwa ameshamaliza. Askari alikuwa anatabasamu.

"Sauti hii naamka nayo kila siku," akasema. "Wewe ni mtu wa shamba la Bwana Tarver. Anajua kwamba umeondoka?"

Akamkamata ukosi. Mimi nikang'ang'ania mkono wake, na treni ikaanza kusogea.

"Panda, Ardelia!" Hosea akanifokea. "Usiwe mpumbavu, panda!" Akanisukuma kwa bega hadi kwenye ngazi.

Nilipanda. Sijamwona tena. Miaka kumi na tisa sasa watu wa Chicago wananipigia makofi, nami najiuliza kwa nini sikumwambia yule askari kwamba mume wangu anacheza dansi. Kucheza, jamani, Hosea alijua.