Pingili ya Pili

Mkurugenzi alikuwa hajagusa kichupa cha maabara kwa miaka kumi na mmoja, ila mikutanoni alikuwa moto wa kuotea mbali. Asubuhi hiyo, bila kuombwa na mtu, alivaa koti jeupe, akapima peptidi mbili za utafiti, zilizotakiwa kuwa tofauti, kwenye mashine ya uzito wa molekuli, kisha akatoka kifua mbele.

"Shemeji," alimwambia fundi wa maabara mbele ya wafanyakazi wote, "vichupa viwili, uzito mmoja hadi nukta ya mwisho! Ulivunja kimoja, ukagawa kilichomo kwenye kingine ili ufiche. Barua yako ya kuachishwa kazi hii hapa."

Fundi, ambaye mdogo wake ndiye mke wa Mkurugenzi, alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Miaka thelathini na miwili ya kazi safi, halafu aage kwa jina la mwongo?

"Sijavunja kitu. Michoro ya muundo umeiona?"

"Michoro gani?"

"Uliyoitia saini wewe, bwana mkubwa."

Mkurugenzi alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Fundi akaibandika ukutani. Kila peptidi ilikuwa mnyororo wa pingili ishirini na tisa, kila pingili asidi amino moja, na mpangilio ni uleule toka kichwani hadi mkiani. Tofauti ilikuwa pingili ya pili tu: katika mnyororo wa pili imegeuzwa, kama sura kwenye kioo.

"Vua viatu," fundi alisema.

"Unasemaje?"

"Vua, uviweke kwenye mizani. Cha kushoto na cha kulia uzito mmoja. Halafu uvivae kinyume, tukuone ukitembea."

Mtu wa stoo aliangua kicheko, akakigeuza chafya.

"Maneno matamu, shemeji. Ushahidi?"

Fundi akachota tone kutoka kila kichupa, akatia kimeng'enya kinachokata pingili mbili za kichwani. Hicho kina maringo yake: kikikuta ya pili imegeuzwa, hakikati. Minyororo yote miwili ikikatwa, basi fundi ni wa kwenda nyumbani. Walisubiri kwa saa mbili. Fundi hakuketi hata dakika moja.

Mashine ikapima upya. Mnyororo wa kwanza ulikuwa umepungua pingili mbili kamili. Wa pili haukupungua hata chembe.

"Basi," Mkurugenzi alisema akipangusa jasho kwa tai, "tuseme mashine ilitupotosha."

"Mashine imesema kweli mara zote mbili. Nani aliyeandika barua?"

Mkurugenzi akaivuta ile barua, akaandika juu yake kwamba imefutwa na kwamba fundi hana kosa.

"Sasa isome," fundi alisema. "Kwa sauti ileile ya asubuhi."

Akaisoma, macho sakafuni.

"Samahani, mheshimiwa," mtu wa stoo alinyoosha mkono, "huku nyuma hatujasikia."

Akaisoma tena.