Bei ya Mbuzi wa Mama Hamdi

Mwalimu Mwau hakujua kumshika mbuzi. Alimshika pembe moja kama mtu anayesukuma baiskeli yenye pancha, na mbuzi mwenyewe, beberu mweupe mwenye sikio lililochanika, akawa anamburura kuzunguka uwanja wa soko la Ikutha huku viatu vyake vya ofisini vikijaa vumbi. Watu walijikaza wasicheke. Mimi niliinamia magunia ya chumvi ya mifugo nikajifanya nayapanga.

Mama Hamdi alikuwa amesimama na fimbo yake kwapani, noti za mwalimu zikiwa bado mkononi. Kwa kawaida pesa ikimfikia haikai nje. Hutumbukia kwenye mkoba aliokuwa akiufunga kiunoni, chini ya mtandio. Siku hiyo aliishika mbali na mwili wake kama kitu chenye harufu.

"Mwalimu," akamwita. "Huyu mbuzi unampeleka wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Kufanya nini?"

Mwalimu Mwau alikuwa amefundisha hesabu miaka yote ya utu uzima wake, lakini swali hilo lilimshinda. "Kufuga," akasema mwishowe.

"Atalala wapi?"

Mwalimu akageuka akatutazama sisi, yaani mama yangu na mimi, kama mtoto anayetafuta jibu usoni mwa mwenzake. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibika.

Mama Hamdi alitutazama. Kisha akamtazama Kitonga wa lori, aliyekuwa amenunua mbuzi wawili bila kuwafunua meno. Akamtazama Pasta Mutisya, ambaye majike yake matatu yalikuwa yamefungwa kwenye baiskeli na ambaye, mbele ya macho yetu, alikuwa amekubali bei ya kwanza aliyotajiwa. Nilimwona akiunganisha nyuso hizo moja baada ya nyingine.

"Mimi nimeuza mbuzi hapa tangu hawa watoto hawajazaliwa," akasema kwa Kikamba, ili kila mtu asikie. "Hakuna mtu amewahi kununua mbuzi wa sikio kama hilo kwa bei kama hii. Hata mwendawazimu." Akakusanya mbuzi waliobaki, akaondoka nao.

*

Jina lake ni Nadifa, lakini Ikutha hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama yangu wakiwa wamekasirikiana. Alikuja kutoka Somalia na mumewe Abdiqani, mfanyabiashara wa mifugo, miaka ile serikali ya kwao ilipoanguka. Abdiqani alikuwa mtu mpole aliyenunua mbuzi huku akiomba radhi kwa bei anayotoa. Aliugua na kufariki wakati Hamdi, mtoto wao wa pekee, akiwa bado shule ya msingi. Siku za kukaa eda zilipokwisha, mjane akachukua fimbo ya mumewe akaingia sokoni. Wakati huo hapakuwa na mwanamke aliyenunua mbuzi pale. Wanaume walicheka kwa majuma machache, kisha wakagundua kwamba anapapasa mbavu za mnyama na kukuambia uzito wake kabla hawajatafuta mzani, wakanyamaza.

Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa wenye pengo katikati, na mimi nililelewa pande zote mbili za pengo hilo. Kwetu nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwao nikala anjera, mikate yao laini ya maji, na chai yenye iliki nyingi mpaka ulimi unawasha. Jumapili sisi tukiwa kanisani yeye aliangalia mbuzi wetu. Ijumaa adhuhuri mama yangu, Syokau, mzee wa kanisa na mpenda nyimbo za redio kwa sauti ya juu, aliizima redio bila kuambiwa na mtu. Kikamba chake chote Mama Hamdi alikitoa kwa mama yangu, pamoja na matusi yake.

Kwa miaka hiyo yote aliishi kwa kibali cha biashara. Kila kilipokaribia kuisha alikiombea upya, akakipata, maisha yakaendelea. Lakini mwaka ninaousimulia magoti yalikuwa yamemshinda, mbuzi wamepungua, na aliporudi kutoka Nairobi hakuwa na kibali kipya. Alikuwa ameambiwa, kwa heshima kabisa, kwamba biashara yake imekuwa ndogo mno kuandikiwa kibali. Hicho alichonacho kikiisha, basi.

Tulienda mjini Wote kumwona wakili kijana, Ben Musembi. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba mtu aliyekaa na vibali miaka mingi namna ile anaweza kuomba ukaaji wa kudumu. Akipewa hataomba tena kibali. Tukafurahi. Kisha akataja ada ya maombi, na ya cheti chenyewe, na chumba kikawa kidogo.

"Hakuna punguzo la wazee?" mama yangu akauliza.

Ben aligeuza karatasi upande wa pili, kana kwamba punguzo lingeweza kuwa limeandikwa nyuma. "Sijaona, mama. Wa miaka thelathini na wa miaka sabini wanalipa sawa."

"Basi mimi ninapunjwa," Mama Hamdi akasema. "Nanunua kitu cha kudumu na mwenyewe sidumu."

Ben akacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliuona mkono wa Mama Hamdi ukipapasa ukingo wa meza.

Hamdi alikuwa ameolewa Kampala na ana duka la vitambaa huko. Alimpigia mama yake simu kila jioni. Mama, hizo pesa za nini, njoo ukae na mimi, wajukuu wanakuuliza. Wajukuu hao Mama Hamdi alikuwa hajawahi kuwaona ila kwenye simu. Aliogopa mpaka wa nchi. Si kwenda, kurudi. Aliogopa kwamba siku moja, akiwa njiani kurudi, afisa fulani atafungua karatasi zake na kumwambia huku si kwenu, na hatakuwa na la kujibu.

Mama yangu alipendekeza harambee kanisani. Wanawake walikwisha kubali. Mama Hamdi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akamwita kwa jina langu mimi mwanawe.

"Mama Kalunde, mimi si kanisa la kuezekwa mabati. Nitauza mbuzi wangu."

"Hawatatosha."

"Watatosha walivyo."

Ndiyo maana mama yangu alinituma. Nilipita nyumba kwa nyumba nikinong'ona kwamba siku ya soko, anayeweza anunue mbuzi wa Mama Hamdi kwa bei yoyote atakayotaja, aongeze kidogo, asiulize. Ilionekana hila nzuri sana. Tulisahau tu kwamba tunamhadaa mtu kwenye kazi anayoijua kuliko sisi wote.

*

Asubuhi iliyofuata alinikuta dukani kwangu, ninapouza dawa za mifugo. "Funga," akasema. "Maneno uliyasambaza kwa miguu, utayakusanya kwa miguu."

Tulianza kwa Mwalimu Mwau. Beberu alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa antena ya televisheni na tayari alikuwa ametafuna nusu ya kanga ya mke wa mwalimu. Mama Hamdi alimpa mwalimu ile ziada, ile iliyopita bei ya haki, akiwa ameikunja vizuri. Mwalimu alirudi nyuma mikono ikiwa mgongoni.

"Mama, nilinunua kwa hiari. Mtu mzima akinunua kitu amenunua."

"Hukupatana na mimi."

"Sijui kupatana. Hata dukani sijui. Muulize mke wangu."

Mkewe alithibitisha kwa masikitiko, akatuletea chai. Kwa Kitonga ilikuwa vivyo hivyo, na huko tulipewa pia maboga mawili. Pasta Mutisya alisema amekwisha kuwagawia watoto wake majike hayo, kila mtoto lake, na hawezi kuvunja neno kwa watoto. Jua lilikuwa kali, magoti yalimwuma Mama Hamdi, na kila tulipotoka mzigo wetu ulikuwa umeongezeka. Nilianza kuona kwamba hasira yake ilikuwa karibu kuwa kilio, nikaomba moyoni tusifike nyumba ambayo ingekifungulia.

Wa mwisho alikuwa Kiilu, mwenye bucha. Kiilu alijulikana toka Ikutha hadi Kanyangi kwa uchoyo. Alikuwa mtu wa kukuuzia mfupa na kukukumbusha kwamba una mafuta ndani. Kukubali kwake kuongeza bei kulinishangaza nilipomnong'oneza, nikadhani hakunisikia vizuri.

Mama Hamdi aliweka noti juu ya kaunta. Kiilu alizichukua. Hakusita, hakukataa, hakumwita mama. Alizilainisha kwa kidole gumba, akazitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Nilimwona Mama Hamdi akinyooka mgongo. Usiku na asubuhi nzima alikuwa amebeba uso mmoja, na sasa uso huo ulilegea.

"Angalau kuna mfanyabiashara mmoja mji huu," akasema.

"Tena mmoja tu," Kiilu akasema, akaendelea kunoa kisu. "Ndiyo maana nilikuongezea."

"Unasema nini?"

"Wewe ukienda, mbuzi nitanunua kwa nani? Kwa wale madalali wanaowanywesha maji ya chumvi ili wajae tumbo? Nimechinja mbuzi wako tangu bucha hii ikiwa na paa la nyasi. Sijawahi kufungua mmoja nikakuta tofauti na ulivyosema." Aliujaribu ukali wa kisu kwenye ukucha. "Hawa wengine sijui walikuwa wanafanya nini. Mimi sikuwa natoa sadaka. Nilikuwa nalipia usiondoke. Kama umeona bei hiyo ni kubwa, ni sawa, mimi sipotezi."

Nzi walizunguka. Mama Hamdi alivuta kigoda akakaa, na akakaa muda mrefu hivi kwamba mteja aliingia, akapimiwa robo, akatoka.

"Basi rudisha," akasema.

"Nini?"

"Pesa yangu."

Kiilu alizitoa noti polepole kama mtu anayeng'olewa jino. Nusu njia alibakiza moja, akamtazama. Yeye naye alimtazama. Akaiongeza.

Mama Hamdi alicheka kwanza kabla hajatoka nje, na tulipofika barabarani alikuwa anacheka mpaka akashika bega langu asianguke, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu sokoni yakapata njia ya kutokea bila aibu. Nilisimama nikamshikilia yeye pamoja na maboga yake.

Jioni alipita kwenye pengo la ua. Mama yangu alikuwa anachambua pojo kwenye uteo, hakuinua kichwa.

"Syokau, chai iko?"

"Iko. Imekuwa ikipoa tangu jana."

Akakaa, akavuta uteo upande wake, wakachambua pamoja.

*

Maombi yalilipiwa. Tukasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kurefu. Kibali cha zamani kiliisha tukiwa tunasubiri, na miezi hiyo Mama Hamdi hakuvuka hata Kibwezi. Hatimaye akaitwa Nairobi kuhojiwa. Mama yangu alisema naye atakwenda, akavaa kitambaa cheupe cha wanawake wa kanisa, na mimi nikawa wa tatu.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuliza maswali bila haraka. Mwishoni akafunga faili. "Mama, hapa Kenya una nani?"

Mama Hamdi alimwonyesha mama yangu kwa kidevu. "Huyu."

Afisa aliwatazama, mmoja na mtandio mweusi, mwingine na kitambaa cheupe. "Ni ndugu yako?"

Alifikiria kwa uaminifu, kama mtu aliyeapishwa. "Tunagombana," akasema. "Halafu anapika chai."

Afisa aliandika kitu. Sikujua ni nini, wala sijajua hadi leo.

Cheti kilipotoka, hakusherehekea. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya mkoba wa kiunoni, na baada ya juma moja akapanda basi la Kampala.

Alisema atakaa mwezi. Ulipita, wa pili ukapita. Hamdi alituma picha: Mama Hamdi katikati ya wajukuu, Mama Hamdi ukumbini penye mazulia mekundu, miguu ameinyoosha, amenenepa. Alionekana mtu aliyefika. Mama yangu aliziangalia picha hizo kwenye simu yangu, akanirudishia simu. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye pengo la ua, ambalo minyaa ilikuwa imeanza kuliziba, akiyavunja machipukizi kwa mkono, utomvu ukimchuruzika vidoleni. Nilimwambia utamwingia machoni. Akasema anajua.

Mimi nilikuwa nimejiambia ukweli mapema zaidi. Tulikuwa tumepigania karatasi ili aweze kwenda, na amekwenda. Mtu wa umri ule, penye binti na wajukuu, arudi Ikutha kufanya nini? Nilianza hata kufurahi kwa niaba yake, kwa bidii, kama mtu anayejifunza wimbo mpya.

Alirudi siku ya Alhamisi mchana, bila kupiga simu. Niliona mtandio wake ukishuka kutoka kwenye pikipiki mbele ya duka langu, na begi, na boksi lililofungwa kamba. Aligombana na mwenye pikipiki juu ya nauli, akamlipa. Mama yangu alitoka kwenye kinu cha posho kando ya barabara, uso wote unga, akasimama hapo.

"Huko kuzuri?" akamwuliza.

"Kuzuri sana," Mama Hamdi akasema. "Mpakani waliangalia karatasi wakasema pita."

Akaketi kwenye benchi langu, akavua viatu, akasugua magoti. Nilimletea maji. Alikunywa nusu, kisha akasimamisha kikombe hewani, shingo ikiwa imegeukia upande wa kinu.

"Yule mbuzi," akasema, "nani amemfunga juani?"